Kutua kwa setilaiti: sekunde sita za kuambiwa ukweli

Simu iliyo mkononi mwa mtu aliyesimama mahali pa wazi hukosea mita tano hivi, wakati mwingine pungufu. Njia ya kurukia ya uwanja mkubwa huwa na upana wa mita 45 au 60. Kwa hesabu ya harakaharaka, GPS tupu ingetosha kuileta ndege mpaka kizingitini, yaani mwanzo wa njia, kwenye ukungu mzito, na mitambo yote inayofungwa ardhini ingekuwa mapambo. Haitoshi, na sababu yake haihusiani sana na hizo mita tano.

Mita tano ni habari ya siku ya kawaida. Rubani aliye futi 200 juu ya ardhi asiyoiona anahitaji habari ya siku mbaya: kosa linaweza kufika wapi, na likivuka mpaka ataambiwa baada ya muda gani. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zilizomo katika Kiambatisho cha 10 cha Mkataba wa Chicago, zimeiweka haja hiyo kwa tarakimu. Kwa kutua kwa daraja la kwanza, yaani kushuka hadi kimo cha uamuzi (chini yake rubani haendelei bila kuiona njia) cha futi 200 kwa kutegemea vyombo, kosa la pembeni lisizidi mita 16, na la kimo lisizidi kati ya mita 6 na 4, kwa asilimia 95 ya wakati. Wengi huishia hapo kusoma. Mistari inayofuata ndiyo inayokula fedha: mfumo usimdanganye rubani zaidi ya mara 2 katika miteremko (safari za kushuka kutua) milioni 10, mpaka wa tahadhari uwe mita 40 kwa pembeni, na kati ya mita 35 na 10 kwa kimo, mpaka ukivukwa, rubani ajulishwe ndani ya sekunde 6.

Ndege ya abiria inayoshuka kwa nyuzi 3 huku ikienda mita 70 kwa sekunde hupoteza kimo cha mita 3.7 kila sekunde. Katika sekunde 6 imesogea mita 420 na kushuka mita 22. Aliyekuwa futi 200, sawa na mita 61, amekwisha kutumia zaidi ya theluthi ya kimo chake kabla onyo halijatokea kwenye kioo. GPS yenyewe haikuundwa kwa haraka ya namna hiyo. Saa ya atomiki ya setilaiti moja ikianza kupotoka, vituo vya udhibiti vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko mteremko mzima unavyodumu kabla ya kuitangaza kuwa ni mbovu. Karibu kila kilichojengwa juu ya GPS kwa ajili ya kutua kinajibu swali hilo moja: nani atamwambia rubani, na upesi kiasi gani.

Kimo ndicho kinachosumbua

Kwa upande wa pembeni, setilaiti zimemzunguka rubani pande zote, na makosa ya mashariki hupunguzwa na vipimo vya magharibi. Kwa kimo msaada huo haupo. Setilaiti zote ziko juu. Zile ambazo zingepima kutokea chini zimefunikwa na dunia. Tena kosa linalozigusa setilaiti zote kwa pamoja, kama la saa ya kipokezi, hufanana mno na kosa la kimo, na hesabu hupata tabu kuvitenganisha. Nanosekunde moja tu ni sentimita 30. Ndiyo maana kosa la kimo kwa kawaida huzidi la pembeni, na kwenye kutua kimo ndicho chenye mpaka mkali zaidi.

Kipokezi cha ndege hakijui kosa lake halisi. Kingelijua, kingelirekebisha. Kinachofanya ni kukadiria kosa baya kabisa linaloweza kuwa limejificha, kisha kulipima na mpaka wa tahadhari. Makadirio hayo huitwa kiwango cha ulinzi. Kwa kimo, SBAS, mfumo unaorusha masahihisho ya GPS kutoka setilaiti nyingine, huchukua mkengeuko sanifu wa kosa la kimo (kipimo cha jinsi kosa linavyotawanyika), uliojumlishwa kutoka kwa kila setilaiti kulingana na mahali ilipo angani, na kuuzidisha kwa 5.33. Tuseme mkengeuko huo ni mita 3: kiwango cha ulinzi ni mita 16, mpaka ni mita 35, ndege inaendelea. Setilaiti mbili zikizama kwenye upeo na mkengeuko ukapanda hadi mita 7, kiwango kinafika mita 37.3, na kipokezi kinakataa kumwongoza rubani kwa kimo, hata kama wakati huo kosa halisi ni mita moja. Marubani wengi hukasirishwa na jambo hili: anga jeupe, mshale umetulia katikati, mara chombo kinaondoa mwongozo. Chombo kiko sahihi. Hakisemi kwamba ndege imepotea njia. Kinasema hakiwezi tena kuapa.

Njia ya zamani ya kujihakikishia ilikuwa kipokezi kulinganisha setilaiti zenyewe kwa zenyewe, maarufu kwa jina la RAIM. Setilaiti 4 hutoa mahali. Ya 5 humwezesha kipokezi kutambua kwamba moja inadanganya. Ya 6 humwezesha kuijua ni ipi na kuitupa. Hiyo inafaa kwa mteremko usio na mwongozo wa kimo, ambako mpaka wa tahadhari ni mita 556 kwa pembeni. Kwa mita 35 za kimo, RAIM ya masafa mamoja ya GPS haifui dafu.

ILS, kwa ufupi

Mfumo unaotaka kurithiwa ni ILS, redio za ardhini zinazoongoza ndege kutua. Antena zilizopangwa ng'ambo ya mwisho wa njia hutoa mwelekeo kwenye masafa ya kati ya megahezi 108 na 112. Mlingoti ulio kando ya eneo la kugusia ardhi hutoa mteremko kwenye megahezi 329 hadi 335. Kila moja hutuma toni mbili, ya hezi 90 na ya hezi 150, na chombo cha rubani kinalinganisha nguvu zake. Ni mfumo mzuri, una historia ndefu, na hadi leo ndio unaobeba mzigo wa kutua gizani na kwenye ukungu mzito kabisa. Kasoro zake ni za ardhini. Kila ncha ya njia inataka seti yake. Mawimbi yake hujipinda yanapogonga hangari au mkia wa ndege iliyosimama vibaya, hivyo ukungu ukishuka waongozaji hulazimika kuweka maeneo ya mbele ya antena wazi na kuongeza nafasi kati ya ndege na ndege. Uwanja hupungukiwa na uwezo saa ileile unayouhitaji.

Sauti kutoka kwenye setilaiti tuli

SBAS ni jibu la eneo kubwa. Vituo vingi vilivyosambaa, ambavyo mahali pake panajulikana kwa sentimita, husikiliza GPS mfululizo. Vinatuma vipimo kwenye vituo vikuu; huko hukokotolewa masahihisho ya saa, ya mizingo, na ya ucheleweshaji wa angani; kisha yote hupandishwa kwenye setilaiti tuli iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambayo huyarusha chini kwa masafa yaleyale ya GPS, megahezi 1575.42. Kipokezi hakihitaji redio nyingine. Ujumbe ni mwembamba, biti 250 kwa sekunde, na kila sekunde moja hubeba ujumbe mmoja. Ndani yake, pamoja na masahihisho, kuna kauli tatu za msingi kuhusu kila setilaiti: itumie kwa kiwango hiki cha shaka, haijachunguzwa, au usiitumie.

Marekani iliuwasha mfumo wake wa SBAS, WAAS, kwa usafiri wa anga Julai 2003. Ulaya ilitangaza huduma ya usalama wa maisha ya EGNOS Machi 2011. Japani ina MSAS tangu 2007, na India iliruhusu miteremko yenye mwongozo wa kimo kwa GAGAN mwaka 2015. Marekani peke yake ina zaidi ya miteremko 4,000 ya aina ya LPV, yaani ya SBAS yenye mwongozo wa pembeni na wa kimo, mingi ikiwa kwenye viwanja vidogo ambavyo havingepata ILS kamwe. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi mkubwa wa teknolojia hii, mkubwa kuliko chochote kilichofanyika kwenye viwanja vikubwa: uwanja wenye njia moja na taa chache unapata kimo cha uamuzi cha futi 200 au 250 bila kufunga hata antena moja.

Udhaifu wa SBAS ya masafa mamoja uko kwenye ionosfia. Tabaka hili lenye chembe za umeme huchelewesha mawimbi, na mfumo hulichora kana kwamba ni ngozi nyembamba iliyo kilomita 350 juu, yenye gridi ya nyuzi 5 kwa 5. Kwa kila nukta ya gridi unatumwa ucheleweshaji pamoja na kiwango cha shaka. Kwenye latitudo za kati, ngozi hiyo ni laini na gridi inatosha. Karibu na ikweta ya sumaku mambo hubadilika. Chembe hupandishwa juu ya ikweta na kumwagika pande zote mbili, zikitengeneza matuta mawili yapatayo nyuzi 15 kaskazini na kusini. Jua likizama, viputo vyenye chembe chache huchomoza na kupenya katikati ya matuta. Setilaiti mbili zilizo jirani angani zinaweza kupita sehemu zenye ucheleweshaji tofauti kabisa, na gridi haioni kilichomo kati ya nukta zake. Mfumo mwaminifu hapo hauna la kufanya ila kupandisha shaka, viwango vya ulinzi vinavuka mita 35, na LPV inapotea jioni baada ya jioni. Viputo hivyo pia huyafanya mawimbi yametemete hadi kipokezi kuyapoteza.

Kituo kimoja uwanjani

GBAS huleta masahihisho karibu. Kwenye uwanja hufungwa vipokezi, kwa kawaida vinne, kila kimoja na antena yake iliyotengenezwa kuzuia mawimbi yanayorudi kutoka ardhini. Antena hutenganishwa mita mia na zaidi, ili mwangwi wa jengo fulani usizipate zote kwa namna moja. Kompyuta ya kituo hupata umbali wa kweli hadi kila setilaiti, kwa sababu inajua antena ilipo na setilaiti ilipo, inatoa umbali uliopimwa, na tofauti ndiyo masahihisho. Kisha vipokezi vinne hukaguana: wastani wa wote wanne unalinganishwa na wastani wa watatu, kila kimoja kikitolewa kwa zamu. Kilichopotoka hujitokeza. Tofauti hizo hutumwa pia kwa ndege, nayo huhesabu kiwango cha ulinzi endapo mojawapo ya vipokezi vya chini ndiyo mbovu.

Masahihisho hurushwa mara mbili kwa sekunde kwenye mawimbi ya VHF, kati ya megahezi 108.025 na 117.975. Nusu sekunde hugawanywa vipande vinane vya muda ili vituo jirani vitumie masafa mamoja bila kugongana. Kuna ujumbe wa masahihisho, ujumbe wa sifa za kituo, na ujumbe unaobeba miteremko yenyewe. Kituo kimoja huhudumia ncha zote za njia, na kila ncha inaweza kuwa na miteremko kadhaa, mmoja wa nyuzi 3, mwingine wa nyuzi 3.2 unaogusa mbele zaidi ili ndege nyepesi zikwepe upepo wa kisulisuli wa ndege nzito. Bremen ilipata kituo cha Cat I, yaani cha daraja la kwanza, mwaka 2012; Frankfurt na Sydney zilifuata 2014.

Tishio linalowanyima usingizi wabunifu wa GBAS ni ionosfia pia, ila kwa sura nyingine. Masahihisho ya kituo ni ya anga lililo juu ya kituo. Ndege iko kilomita kadhaa mbali. Siku ya kawaida ucheleweshaji hutofautiana milimita chache tu kwa kila kilomita, na hakuna anayejali. Tarehe 20 Novemba 2003, wakati wa dhoruba ya jua, vituo vya Ohio vilirekodi tofauti ya ucheleweshaji ya milimita 412 kwa kilomita.

Hebu tuipige hesabu. Ndege iko kilomita 6 kutoka kituoni, inakwenda mita 70 kwa sekunde. Kwa haraka mtu angesema 6 mara 412, kosa ni mita 2.5. Kuna kitu kimesahaulika. Vipimo vya umbali vya GPS vina kelele, hivyo kipokezi huvilainisha kwa kutumia awamu ya wimbi, na katika Cat I dirisha la kulainisha ni sekunde 100. Ionosfia huchelewesha msimbo (ndio unaopimiwa umbali) lakini huiharakisha awamu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo viwili hivyo huachana maradufu, na kichujio hubaki kikiburuta kumbukumbu ya mahali ndege ilikopita. Umbali unaohesabika ni kilomita 6 pamoja na mara mbili ya sekunde 100 kwa mita 70, ambazo ni kilomita 14. Jumla kilomita 20, mara 412: kosa la mita 8.2 kwa setilaiti moja, na mpangilio wa setilaiti ukiwa mbaya, kosa la kimo linaweza kuwa kubwa zaidi ya hapo. Mpaka wa kimo kwenye futi 200 ni mita 10.

Ubaya wake ni kwamba kituo huenda kisione chochote, kwa sababu ukingo wa dhoruba bado haujafika juu yake. Dawa ya Cat I ni kudhani kwamba dhoruba mbaya kabisa ipo wakati wote: kituo hupandisha kwa makusudi tarakimu za shaka inazotuma, ili mipangilio ya setilaiti ambayo ingeruhusu kosa kubwa ikataliwe na ndege yenyewe. Gharama ni upatikanaji. Kwenye nchi za karibu na ikweta ya sumaku, ambako kipimo cha 412 si kikomo, mfumo ulioidhinishwa kwa anga la Marekani hauwezi kuhamishwa ukafungwa vilevile ulivyo. Lazima tishio lipimwe upya kwa data ya mahali hapo, tena ya miaka yenye jua kali.

Toleo la Cat III, la kutua kwenye ukungu mzito kabisa, liitwalo GAST-D, lilichukua njia tofauti. Dirisha la kulainisha linashushwa hadi sekunde 30. Rudia hesabu: 6 na 4.2 ni kilomita 10.2, kosa mita 4.2. Ndege hutunza majibu mawili, la sekunde 30 na la sekunde 100, na yakiachana sana inajua kuna kitu angani. Sehemu ya kazi ya ulinzi imehamishiwa ndani ya ndege, jambo linalofanya idhini ya kila aina ya ndege kuwa ndefu na ghali. Viwanja vingi vimeangalia bei hiyo, vikaangalia ILS yao inayofanya kazi, vikaamua kungoja.

Sentimita za mpimaji

Makosa ya kizembe kuliko yote hayatoki angani. Mteremko wa ILS uko pale antena ilipo. Ukikosea, ndege ya ukaguzi inauona. Mteremko wa setilaiti ni tarakimu. Kifurushi chake, kinachojulikana kama FAS, hubeba latitudo na longitudo ya kizingiti kwa hatua za sekunde 0.0005 za tao, karibu sentimita moja na nusu; kimo cha kizingiti kwa hatua za sentimita 10; nukta ya upande wa pili inayotoa mwelekeo; kimo cha kuvukia kizingiti, mara nyingi futi 50; pembe, mara nyingi nyuzi 3; upana wa njia kwenye kizingiti, kwa kawaida mita 105 kila upande; na mipaka ya tahadhari. Mwishoni kuna msimbo wa ukaguzi wa biti 32. Biti moja ikiharibika njiani kutoka kwa mbunifu hadi kwenye ndege, kifurushi chote kinatupwa.

Msimbo huo haujui kama tarakimu yenyewe ilikuwa sahihi kabla ya kufungwa. Mfano wa hatari ni kimo. GPS hupima kutoka kwenye elipsoidi ya WGS-84, umbo la kihesabu la dunia. Ramani na chati hupima kutoka usawa wa bahari. Tofauti kati ya viwili hivyo hufika mita 106 chini ya elipsoidi kusini mwa India na mita 85 juu yake huko New Guinea. Mtu akinakili kimo cha usawa wa bahari kutoka kwenye chati na kukiandika panapotakiwa kimo cha elipsoidi, mteremko mzima utapanda au kushuka kwa makumi ya mita, ukiwa laini, umetulia, na kiwango cha ulinzi kikionyesha kijani. Hivyo mpimaji hupima kizingiti moja kwa moja kwa WGS-84, mtu mwingine hukokotoa upya, na ndege ya ukaguzi huruka mteremko kabla haujachapishwa. Anayeiacha hatua ya pili kwa sababu ya haraka ya ratiba hafai kupewa kazi hiyo.

Ndani ya chumba cha rubani

Kazi ya rubani huanza ardhini. Anasoma matangazo ya kukatika kwa huduma na utabiri wa upatikanaji. Anathibitisha kwamba hifadhidata ni ya mzunguko unaotumika. Hubadilishwa kila baada ya siku 28. Mteremko huchaguliwa kwa jina kutoka hifadhidata na haujengwi kwa mkono. Kwenye chati kuna namba ya chaneli yenye tarakimu tano, kuanzia 20001 hadi 39999 kwa GBAS na 40000 kwenda juu kwa SBAS, pamoja na kitambulisho cha herufi nne kama G07A au W09A. Kitambulisho kinachotokea kwenye kioo lazima kilingane na cha chati herufi kwa herufi. Hakuna sauti ya msimbo wa Morse ya kusikiliza kama kwenye ILS, na wengi waliozoea kukagua kwa sikio husahau kukagua kwa jicho.

Akikaribia, anangoja neno LPV au GLS (mteremko wa GBAS) litokee lenyewe. Likitokea neno jingine, kwa mfano LNAV, mwongozo wa kimo haupo, na kimo cha chini cha kutumia ni kile cha mstari mwingine wa chati. Vipokezi vingi vya SBAS huamua hilo takriban dakika moja kabla ya nukta ya kuanza kushuka, nafasi ya kutosha kubadili mpango. Baada ya nukta hiyo, mwongozo ukiondoka na njia haijaonekana, ni kupaa tena. Kuendelea kwa kukisia hakuna kwenye orodha.

Kwenye nukta ya kuanza kushuka kuna ukaguzi mmoja wa thamani kubwa: altimeta isome kimo kilichochapishwa. Kwa nyuzi 3, kila maili ya baharini ni futi 318. LPV na GLS hupata mteremko kwa jiometri, kwa hiyo altimeta iliyowekwa vibaya haiupindishi. Mteremko wa aina ya LNAV/VNAV hupata kimo kwenye shinikizo la hewa, nao hupindika. Tarehe 23 Mei 2022, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, ILS ya njia 27R ikiwa imezimwa, ndege aina ya A320 ilipewa na mwongozaji shinikizo la hektopaskali 1011 badala ya 1001. Kila hektopaskali ni futi 28 hivi. Ndege ilishuka ikiwa chini ya mteremko wake kwa futi 280, vyombo vyote vikionyesha iko sawasawa, na marubani walipopaa tena bila kuiona njia altimeta ya redio ilifika futi 6, ikiwa bado kilomita moja na nusu kabla ya kizingiti. Miteremko ya aina mbili hizo huonekana sawa kwenye kioo, na ukaguzi wa kimo haukulinda, kwa kuwa ulitumia altimeta ileile yenye kosa. Palipo na SBAS, sioni sababu ya kuchagua ule wa shinikizo.

Mnong'ono

Setilaiti ya GPS iko kilomita 20,200 juu, na nguvu inayofika kwenye antena ni karibu sehemu moja ya kumi elfu ya trilioni ya wati. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la umeme la gari kinaweza kuizima. Kituo cha majaribio cha GBAS cha Newark, Marekani, kilicho jirani na barabara kuu ya New Jersey, kilianza kupoteza setilaiti kwa vipindi mwaka 2009, na chanzo kilikuwa magari yanayopita yakiwa na vifaa vya namna hiyo, ambavyo madereva hununua ili waajiri wasijue walipo. Dereva mmoja wa pikapu aliyekamatwa mwaka 2012 alipigwa faini ya dola 31,875. Antena zilihamishwa mbali na barabara na kutawanywa, ili gari moja lisiweze kuzifunika zote.

Kuziba mawimbi kwa makusudi ya kijeshi ni jambo la ukubwa mwingine. Aprili 2024 Finnair ilisimamisha kwa mwezi mmoja safari za Tartu, Estonia, kwa sababu miteremko ya uwanja huo ilitegemea GPS na ndege zililazimika kurudi Helsinki. Kilichoziwezesha kurejea ni mteremko mpya unaotumia DME, redio za kupima umbali zilizo ardhini.

Kudanganya mawimbi ni kubaya kuliko kuyaziba, kwani kipokezi hupokea kitu kinachofanana na ukweli. Saa ya ndege inaweza kuruka, na mfumo wa onyo la milima ukaanza kupiga kelele ya kuvuta juu ndege ikiwa juu ya bahari. Tena athari huweza kubaki: ndege iliyodanganywa saa mbili kabla inaweza kufika kwenye mteremko na kipokezi ambacho hakijapona. Kwa hiyo marubani waliopita eneo lenye udanganyifu huo hulinganisha mahali pa GPS na pa mfumo wa inesha (vihisi vya mwendo vilivyo ndani ya ndege) pamoja na DME, na huomba ILS hata kwenye uwanja wenye LPV. ILS zikipunguzwa, kila nchi yenye busara huacha kiasi cha kutosha za kushushia ndege zilizoko angani siku GPS ikizimika.

Masafa ya pili, L5 kwenye megahezi 1176.45, yanaleta nafuu kubwa kwa ionosfia. Ucheleweshaji hutegemea kinyume cha mraba wa masafa, kwa hiyo kipokezi chenye L1 na L5 huukokotoa chenyewe na kuuondoa, bila gridi, na SBAS ya ikweta inakuwa jambo linalowezekana. Malipo ni kelele: mchanganyiko huo huikuza kelele ya vipimo mara 2.6 hivi ukilinganisha na masafa mamoja. Kumetameta kwa jioni hakuondoki. Masafa ya chini huumia zaidi. Na L5 imewekwa kwenye bendi ya kati ya megahezi 960 na 1215, ambayo tayari ni makazi ya DME, redio ileile iliyoiokoa Tartu. Mapigo yake makali huingia moja kwa moja kwenye antena ya kipokezi, nacho hulazimika kufumba sikio kwa sehemu ndogo za sekunde kila pigo linapopita.